Mota Inanguruma na Haizunguki: Usiseme Imeungua Bado

Stima ikirudi jioni baada ya kukatika mchana kutwa, mitaa ya Kisauni, Likoni na Majengo, Mombasa, hujaa mlio mmoja: pampu zikipandisha maji kwenye matangi. Hakosi mtu ambaye pampu yake inanguruma tu, haizunguki. Jirani atasimama mlangoni asikilize, kisha atatoa hukumu: "Hiyo mota imeungua, ipeleke ikasukwe upya." Hukumu hiyo hiyo hupewa mashine ya kukuna nazi iliyogoma sokoni, msumeno wa seremala, kompresa ya kujazia magurudumu na feni ya darini.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kusuka mota ni kutoa waya wote wa zamani na kuweka mwingine. Ni kazi kubwa, na bei yake huikaribia ya mota nyingine. Mota inayonguruma, stima inaingia ndani yake na sumaku inafanya kazi. Kuna kitu kingine kinachoizuia isianze, na mara nyingi ni kitu kidogo. Kinachokuja kuiunguza kweli ni kule kuachwa inanguruma huku watu wakijadiliana.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: mota isipozunguka ndani ya sekunde tatu, izime. Mota iliyokwama huvuta stima mara tano hadi saba ya ile inayovuta ikiwa kazini, na stima yote hiyo inageuka kuwa joto. Feni yake ya kujipoza nayo imesimama. Dakika chache zinatosha kugeuza hitilafu ya kapasita, kile kikopo cha ubavuni, kuwa hitilafu ya koili, yaani waya wa ndani.

Kilichomo ndani

Mota ina sehemu kuu mbili. Ya nje haizunguki: ni chuma chenye mifereji iliyojazwa koili za waya wa shaba uliopakwa vanishi. Ya ndani ndiyo inayozunguka, nayo huitwa rota. Katika pampu na mashine nyingi za nyumbani rota haiunganishwi na waya wowote. Shafti yake imeshikwa na beringi mbili, moja kila upande, na nafasi iliyopo kati ya rota na chuma cha nje ni chini ya nusu milimita kwa mota ndogo. Koili zikipata stima zinakuwa sumaku, sumaku inaivuta rota.

Utata unaanzia kwenye stima yenyewe. Ile ya nyumbani, volti 240 na hezi 50, hugeuza mwelekeo wake mara 100 kila sekunde. Koili moja ikipewa stima hiyo inavuta huku na huku, huku na huku, lakini haina upande.

Mtazame fundi cherehani anayetumia mashine ya miguu. Kabla hajakanyaga, mkono wake wa kulia hugusa lile gurudumu na kulisukuma kidogo. Asipolisukuma, anaweza kukanyaga kwa nguvu zote na gurudumu likabaki pale pale, au likarudi nyuma na kukata uzi. Mguu una nguvu ya kutosha, ila hauna mwelekeo. Gurudumu likishashika mwendo mkono hauna kazi tena, na mguu peke yake utashona hadi magharibi.

Mota ya fezi moja, yaani ile inayotumia stima ya kawaida ya nyumbani, ndivyo ilivyo. Koili ya kazi ni mguu. Pembeni yake pana koili ya pili, ya kuanzia, nayo ni mkono. Kapasita ni kile kikopo kilichofungwa juu au ubavuni mwa mota, na kazi yake ni kufanya mvuto wa koili ya kuanzia upishane kidogo na mvuto wa koili ya kazi. Kule kupishana ndiko kunakoipa rota upande wa kuelekea. Katika mota nyingi za zamani kuna na kitu cha nne, swichi ya ndani iliyokaa kwenye shafti: mota ikifika kama robo tatu ya mwendo wake, vijiwe viwili vyenye springi hufunguka kwa ule mzunguko na kuikata koili ya kuanzia. Mkono umeondolewa kwenye gurudumu. Feni ya darini na pampu ndogo nyingi hazina swichi hii. Kapasita yao ndogo hubaki kazini muda wote.

Ukiyashika haya manne (koili ya kazi, koili ya kuanzia, kapasita na swichi) sehemu kubwa ya fumbo imekwisha.

Mota ikiwa kimya kabisa

Mota isiyotoa hata mlio haijapata stima, au njia ya stima imekatika ndani yake. Hapa testa ndiyo inayowapoteza wengi. Ile bisibisi yenye taa huonyesha kwamba waya wa moto una stima, basi. Haikuambii kama nyutro iko. Nyutro ikiwa imekatika kwenye plagi au imelegea kwenye soketi, testa itawaka vizuri na mota itabaki kimya. Tumia mita kati ya waya wa moto na nyutro, au taa ya kujaribia yenye nyaya mbili.

Kagua fyuzi ya plagi kwa mita, si kwa macho. Tazama kama mota ina kidude chekundu cha kubonyeza karibu na kiboksi cha nyaya: hicho ni kinga ya joto, hurushwa mota ikipata moto sana, na hukubali kurudi baada ya kupoa kama nusu saa. Halafu zima stima, chomoa plagi, fungua kiboksi chenyewe. Pwani hii, waya wa shaba uliokaa miaka chini ya nati huota kutu ya kijani, na kutu hiyo haipitishi stima ipasavyo. Kata waya nyuma hadi uone shaba inayong'aa, weka kichwa kipya cha waya, kaza vizuri, kisha paka juu yake mafuta mazito ya jeli kuzuia hewa ya bahari.

Mashine zenye kaboni, kama drili, blenda na mota ndogo za cherehani, ni ukoo mwingine. Humo rota ina waya, na stima huingizwa kwa vijiti viwili vya kaboni vinavyosugua juu yake. Kijiti kikibaki milimita 5 hivi, springi haikisukumi tena, na mashine hunyamaza. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Mota ikinguruma

Huku ndiko kwenye mambo. Chomoa plagi, toa mkanda kwenye puli, kisha zungusha shafti kwa mkono. Kwa pampu, fungua kifuniko cha nyuma cha plastiki na uzungushe ile feni ndogo. Pampu nyingine zina mfereji wa bisibisi kwenye ncha ya shafti. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo baada ya mkono kuachia. Isipokubali kabisa, acha habari za koili na kapasita kwanza: imeshikwa.

Pampu zinazovuta maji ya visima vya Mombasa hushikwa mno. Maji yenye chumvi na chokaa yakibaki ndani pampu ikikaa wiki mbili tatu bila kazi, gurudumu la shaba la ndani hugandamana na ukuta wake, na nafasi iliyopo hapo ni nyembamba kama karatasi. Mota ni nzima kabisa, ila inasukuma jiwe. Izungushe taratibu kwa bisibisi, mbele na nyuma, hadi iachie. Isipoachia, fungua kichwa cha pampu, loweka sehemu hiyo kwa siki, sugua chokaa, rudisha. Kuigonga kwa nyundo kunapinda shafti, na shafti iliyopinda haina dawa rahisi.

Kama shafti inazunguka, ishike na uinyanyue juu na chini. Ukisikia inacheza, beringi zimekwisha. Beringi iliyolika huishusha rota hadi ile nafasi ya nusu milimita inapotea. Stima ikiingia, sumaku huivuta rota ikabana ubavuni, ikanguruma bila kwenda. Ukiifungua utaona alama inayong'aa upande mmoja wa rota, mahali ilipokuwa ikijisugua. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake. Kwa mota ndogo utakutana sana na 6203 yenye tundu la milimita 17 na 6204 yenye tundu la milimita 20. Huku pwani chagua zenye vifuniko vya mpira, zinazoandikwa 2RS, kuliko za vifuniko vya bati: mpira huzuia vumbi na hewa ya chumvi vizuri zaidi. Beringi mpya ikiingizwa kwenye shafti isukumwe kwa duara la ndani tu. Ukigonga duara la nje, gololi zinaacha alama kwenye njia yao, na beringi itaanza kulia kabla haijamaliza mwezi.

Mota za zamani sana hazina gololi bali bushi za shaba nyeusi zenye utambi wa mafuta. Hizo zinataka mafuta mepesi ya mashine, matone machache. Mafuta ya nazi na ya kupikia hulainisha siku mbili tatu kisha yanaganda na kuwa gundi. Mashine nyingi za kukuna nazi zimeshikwa kwa sababu hii tu, maana tui na machicha vimekutana na mafuta mabaya.

Shafti ikiwa nyepesi na haichezi, shuku volti. Nguvu ya kuanza haipungui sawasawa na volti. Inapungua kwa volti mara volti. Zikishuka kutoka 240 hadi 200, yaani sehemu moja tu katika sita, nguvu ya kuanza inashuka kwa karibu asilimia 30. Na si lazima tatizo liwe kwenye nguzo. Waya wa ekstensheni wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 30 una ukinzani wa karibu omu 1, kwenda na kurudi. Mota ya hospawa moja, ambayo ikiwa kazini hutumia ampea 5 hadi 7, huvuta ampea 30 na zaidi wakati wa kuanza. Basi volti 30 hivi zinapotelea njiani, na karibu robo ya nguvu ya kuanza inapotea nazo. Waya wa milimita mraba 2.5 kwa urefu huo huo hupoteza volti 12 au 13 tu. Ukipima soketi mota ikiwa imezimwa utaona 240 na utaridhika bure. Volti hupimwa kwenye mota yenyewe, katika zile sekunde mbili tatu inapojaribu kuanza.

Hayo yakiwa sawa, rudi kwa fundi cherehani. Mkanda ukiwa umetolewa, zungusha puli kwa mkono au kwa kamba iliyozungushwa bila fundo, toa mkono kabisa, ndipo mtu wa pili awashe swichi mota ikiwa bado inazunguka. Vidole, mikono mirefu ya kanzu na ncha za leso zikae mbali. Ikishika mwendo na kuendelea vizuri, umeshapata jibu kubwa: koili ya kazi ni nzima, mguu unakanyaga. Kilichokufa ni mkono, nao ni kapasita, swichi ya ndani, au koili ya kuanzia. Ndiyo maana feni ya darini husukumwa kwa fimbo ya ufagio ikaenda. Kwa feni, karibu kila mara ni kapasita imechoka, na kapasita ya feni ni kidude cha maikrofaradi (kipimo cha kapasita) 2 hadi 4 tu.

Kapasita na swichi ya ndani

Kapasita huhifadhi stima hata baada ya plagi kuchomolewa, na inaweza kukurusha. Wapo wanaoifunga miguu yake kwa bisibisi ili itoe cheche. Cheche hiyo huharibu kapasita, na huweza kurusha vipande vya moto machoni. Chukua balbu ya zamani ya waya, ya volti 240, yenye nyaya mbili kwenye kishikio chake, gusisha miguu ya kapasita kwa sekunde tano. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Kisha itazame. Iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja mafuta haihitaji kipimo. Iliyo nzima kwa macho ipimwe kwa mita yenye alama ya maikrofaradi. Ya kudumu, ambayo huwa nyeupe au ya alumini na huandikwa maikrofaradi 8 hadi 40 na volti 400 au 450, ikipungua zaidi ya asilimia 10 chini ya ilivyoandikwa, ibadilishe. Pampu ya nusu hospawa kwa kawaida hutumia ya 8 hadi 12. Ya kuanzia ni ya plastiki nyeusi na namba yake ni kubwa zaidi, nayo huandikwa kwa kiwango, kwa mfano 100 hadi 120. Ikisoma chini ya namba ndogo, imechoka.

Kuna imani sokoni kwamba kapasita kubwa zaidi huongeza nguvu ya mota. Haiongezi. Ile ya kudumu ikizidi kipimo, koili ya kuanzia hupitishwa stima kuliko iliyosukiwa, na mota huwa ya moto hata ikizunguka bure. Ya kuanzia nayo imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache tu. Ukiiweka mahali pa ile ya kudumu itapasuka. Namba ya maikrofaradi iwe ile ile. Volti zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisipungue.

Kapasita mpya imewekwa na bado inanguruma? Basi, kama inayo, shuku swichi ya ndani, na hapa sikio linasaidia kuliko mita. Mota nzima yenye swichi hii, ukiizima, hupunguza mwendo kisha hutoa mlio mdogo, "ta!" Hiyo ni swichi ikijifunga tena, tayari kwa kuanza kutakakofuata. Mota iliyozimwa mara ya mwisho bila "ta", swichi ikabaki wazi, haitaanza mara ya pili.

Kuifikia, fungua kifuniko cha upande wa pili wa puli. Kabla ya kukitoa, piga alama mbili za msumari, moja kwenye kifuniko na moja kwenye mwili wa mota, ili kirudi kilivyokuwa. Ndani utaona kisahani cha plastiki kwenye shafti, vijiwe viwili na springi zake, na mbele yake vidoti viwili vya swichi vinavyogusana. Vidoti vikiwa vyeusi na vyenye mashimo, pitisha msasa laini wa namba 400 kati yake hadi ving'ae, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Vijiwe viende na kurudi bila kukwama. Springi yenye kutu haina la kusubiri, itolewe. Na usishangae ukikuta mjusi aliyekauka kati ya vidoti, au tope la nyigu: mota iliyokaa kimya penye joto na giza ni nyumba nzuri kwao. Usipake grisi kwenye vidoti kamwe.

Swichi inaweza pia kukosea kwa upande wa pili, ikabaki imejifunga. Hapo mota huanza vizuri sana na mwenyewe hufurahi, ila baada ya dakika kadhaa inanuka na kapasita inapasuka, kwa sababu mkono haukuondolewa kwenye gurudumu. Anayebadilisha kapasita tatu mfululizo kwa mota moja aiangalie swichi hii kabla ya kununua ya nne.

Chumvi, unyevu, na waya wa athi

Chumvi ya jikoni wakati wa mvua za masika hulowa yenyewe ndani ya kopo, bila kumwagiwa maji. Chumvi inanyonya unyevu wa hewani. Hewa ya bahari huacha utando wa chumvi hiyo hiyo juu ya koili za mota iliyo wazi, na utando ukilowa unapitisha stima kutoka koili hadi mwili wa chuma. Mota ya namna hii haingurumi. Hurusha sakitibreka mara tu inapowashwa, au humtetemesha anayeigusa.

Hapo ndipo linapofanyika kosa linaloua. Mtu anaona kwamba waya wa ardhini, ambao mafundi huuita athi, ukitolewa swichi hairuki tena, basi anaukata na kusema ametengeneza. Alichofanya ni kuufunga mdomo wa shahidi. Stima bado inavuja kwenye chuma, na sasa inangoja njia nyingine ya kushuka ardhini, na njia hiyo ni mama aliyesimama peku penye sakafu ya maji akifungua bomba. Swichi za usalama za miliampea 30 zimewekewa kiwango hicho kwa sababu ukizidi hapo moyo wa mtu unaweza kusimama. Miliampea 30 ni kidogo mno hata kuwasha ile balbu ya zamani ya wati 60. Nasihi kwa moyo wote: mota inayorusha swichi ibaki imezimwa hadi ikaushwe na kupimwa, na athi isitolewe hata kwa jaribio la dakika moja.

Kipimo cha uvujaji hufanywa kwa mega, yaani mita inayopima kwa volti 500, kati ya koili na mwili. Mita ya kawaida yenye betri ndogo itasema pako salama mahali ambapo volti 240 zitapita bila shida. Mega ikionyesha chini ya megaomu 1, usiiwashe mota. Mota iliyoingiwa na maji ya mafuriko au ya chumvi huoshwa kwanza kwa maji matamu, mengi, hadi chumvi itoke. Ukiikausha bila kuiosha umeifungia chumvi ndani. Kisha ifunguliwe, ikae juani mchana, na usiku iwekwe kwenye sanduku pamoja na balbu ya waya ya wati 60, huku hewa ikipita. Siku mbili ni kawaida. Pima tena. Mota ambayo mega ilisoma karibu na sufuri Ijumaa inaweza kusoma megaomu 20 Jumatatu bila kubadilishwa uzi mmoja wa shaba.

Mota za fezi tatu

Vinu vya posho na misumeno mikubwa hutumia fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, zenye volti 415 kati ya waya na waya. Hizi hazina kapasita wala koili ya kuanzia, maana fezi tatu zinapishana zenyewe na mwelekeo upo tayari. Zikinguruma bila kuanza, fikiria kwanza kwamba fezi moja imepotea: fyuzi moja imekatika, au mguso mmoja wa stata, ile swichi kubwa ya kuwashia, umeungua. Pima jozi zote tatu kwa mita. Kila jozi isome karibu 415. Testa haifai hapa, kwa kuwa stima ya fezi nyingine hurudi kupitia koili na kuwasha taa yake upande uliokufa.

Kwa mashine zilizoshuka bandarini zikiwa mitumba, soma kibao cha mota kabla ya lolote. Mota ya nyumbani kutoka Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 240 itaungua papo hapo. Kwa mota ya fezi tatu, kibao chenye 220/380 kinataka ifungwe kwa nyota kwenye stima yetu, yaani ncha moja ya kila koili zikutanishwe pamoja. Anayeifunga kwa pembetatu, koili zikiungana ncha kwa ncha, ameiua siku ya kwanza.

Ikiwa kweli imeungua

Dalili hazifichiki. Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki hata baada ya wiki. Koili huwa nyeusi, na vanishi yake huvunjika kama ganda la yai ukiikwaruza kwa ukucha. Mega inasoma sufuri hata baada ya kukausha, au omu za koili hazionekani kabisa. Na rangi inaeleza kisa. Katika mota ya fezi moja, koili nyembamba ya kuanzia ikiwa nyeusi peke yake, swichi ya ndani haikufunguka, au mota iliachwa inanguruma rota ikiwa imeshikwa. Katika fezi tatu, koili zote zikiwa nyeusi sawasawa ni mzigo mkubwa au volti ndogo. Zikiungua baadhi na nyingine kubaki na rangi yake, ilikosa fezi moja. Usipokiondoa chanzo hicho, mota mpya nayo itarudi kwa fundi.

Mota ya zamani ya chuma kizito inastahili kusukwa. Nyingi zimewekewa chuma na shaba kwa ukarimu kuliko ndogo za siku hizi, na ukisuka vizuri unapata mota ya miaka mingine mingi. Lakini zungumza na fundi kabla hajaanza. Ahesabu mizunguko ya koili za zamani na kupima unene wa waya kwa maikromita, si kwa macho. Aweke shaba, si alumini iliyopakwa rangi ya shaba; mkwaruzo mmoja wa kisu utakuonyesha weupe. Waya wa zamani usitolewe kwa moto mkali wa kuni, kwa sababu chuma cha nje ni mabati membamba yaliyotenganishwa kwa utando. Utando huo ukiungua, mota itakuwa ya moto hata kwa waya bora, na hakuna atakayejua sababu. Vanishi imiminwe hadi iingie katikati ya koili, kisha ikaushwe kwa joto hadi ishike, maana ndiyo itakayokinga koili na chumvi. Beringi zibadilishwe wakati huo huo, kwa kuwa mota imeshafunguliwa.

Siku ya kuichukua, iwashwe mbele yako bila mzigo kwa nusu saa. Isomwe kwa mega, usikie megaomu ni ngapi. Weka kiganja kwenye mwili wake: joto la kuvumilika kwa sekunde kadhaa si shida, usipoweza hata kugusa bila mzigo, irudi mezani. Kisha mwambie aizime, na mnyamaze wote wawili rota inapopunguza mwendo. Kama ni ya swichi ya ndani, usitoe hela ya mwisho mpaka uisikie ile "ta".